Kabla hujalipia nyumba ya povu

Mwaka jana shangazi yangu aliniita nyumbani kwake Tezo, mwendo mfupi kutoka mjini Kilifi ukielekea Malindi. Alikuwa amestaafu baada ya zaidi ya miaka 30 ya kuuguza wagonjwa, malipo yake ya uzeeni yalikuwa yameingia benki, na juu ya meza alikuwa ameweka karatasi ya kung'aa yenye picha ya nyumba nyeupe. Chini ya picha paliandikwa kwamba nyumba ile ya vyumba vitatu ingesimama kwa siku 30, isingeingia joto, na ingegharimu pesa chache kuliko nyumba ya mawe. Muuzaji alitaka alipwe asilimia 70 ya bei kabla lori halijaondoka kiwandani.

"Mwanangu," akaniambia, "pesa hizi nimezipata kwa kukesha wodini. Zikipotea, sina usiku mwingine wa kukesha. Wewe ndiwe mwenye kuandika magazetini. Hebu niulizie, nyumba ya povu ni nyumba kweli?"

Sikuwa na jibu. Nilimwomba jambo moja tu, asilipe hata shilingi mpaka nirudi. Tangu siku hiyo nimezungumza na mafundi, nimezunguka kwenye viwanja vya ujenzi kutoka Mtwapa hadi Malindi, na nimegonga kuta za watu kwa vidole mpaka wenyewe wakanitilia shaka. Huenda nawe msomaji, au mzazi wako, mna kiwanja na akiba inayopatikana mara moja maishani. Basi keti, tuulizane pamoja. Kuuliza si ujinga.

Ni kitu gani hasa?

Povu linalozungumzwa hapa si la sabuni. Ni lile gumu jeupe linalozungushiwa televisheni mpya ndani ya katoni, na jina lake la kitaalamu ni polistireni. Ukitaka kujua kazi yake, nenda pale wavuvi wanapopakia samaki wa kusafirishwa. Utaona masanduku meupe yaliyojaa barafu. Barafu hiyo hukaa muda mrefu bila kuyeyuka kwa sababu povu limejaa vijumba vidogo mno vya hewa iliyofungiwa, na hewa iliyofungiwa haipitishi joto kwa urahisi. Karibu asilimia 98 ya povu hilo ni hewa tupu.

Wazo la kujenga nyumba kwa paneli zinazobeba uzito si la jana. Mnamo 1935 maabara ya idara ya misitu ya Marekani, iliyoko Madison katika jimbo la Wisconsin, ilijenga nyumba ya majaribio kwa paneli za mbao zilizoshikana kama mkate wenye siagi katikati. Mnamo 1952 msanifu wa majengo Alden B. Dow alijenga nyumba huko Midland, Michigan, kwa paneli zilizotiwa povu kati ya bodi mbili. Huko kwenye theluji shabaha ilikuwa kuzuia joto la ndani lisitoke. Sisi wa pwani tunataka kinyume chake, joto la nje lisiingie.

Sasa tahadhari, msomaji. Paneli hizi ni za aina zaidi ya moja, na wauzaji wengine huzichanganya kwa makusudi. Ile ya Kimarekani huwa na povu katikati na bodi za vipande vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi pande zote mbili. Bodi hizo haziupendi unyevu, na mchwa nao huzipenda kupita kiasi. Kwa mtu anayeijua pwani yetu, hayo mawili yanatosha kumfanya afikirie mara tatu.

Aina ya pili, ambayo ndiyo utakayoikuta zaidi nchini Kenya, ina povu katikati na wavu wa nyaya za chuma kila upande. Nyaya nyembamba hupenya kwenye povu na kuunganisha wavu wa upande huu na wa upande ule. Paneli husimamishwa juu ya msingi wa zege, ikafungwa kwa vyuma vilivyochomozwa kwenye msingi huo, kisha hupigwa lipu ya mchanga na saruji pande zote, sentimita tatu hivi kila upande. Lipu ikishakauka, ukuta huwa mgumu kama ukuta mwingine. Shirika la Taifa la Nyumba lina kiwanda cha paneli za namna hii Mavoko, kaunti ya Machakos, na wapo watengenezaji wa kibinafsi pia.

Kwa hiyo jibu la kwanza kwa shangazi lilikuwa ndiyo, ni nyumba kweli. Povu lenyewe halibebi nyumba. Kinachobeba ni wavu wa chuma na lipu vikishikana. Mwanafunzi anayesoma haya na akumbuke maneno hayo mawili, wavu na lipu, kwa maana mengi ya matatizo ya nyumba hizi katika pwani yetu huanzia hapo.

Jua letu linatoka juu

Karatasi ya muuzaji ilisema nyumba "haiingii joto". Hebu tulitazame jambo hili kwa makini, maana ndilo linalouza paneli nyingi.

Ukitaka kuielewa nyumba ya mawe, saa tatu usiku mwezi wa Februari nenda ukaweke kiganja kwenye ukuta unaotazama magharibi. Utaukuta bado una joto. Jiwe la tumbawe limekunywa jua mchana kutwa, na sasa linakutapikia wewe uliye kitandani. Ndiyo maana wazee wetu walipenda kuzungumza barazani hadi usiku wa manane. Ukuta wa paneli hauna tabia hiyo kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa povu hulikatiza joto njiani na lipu ya nje ni nyembamba, hivyo hupoa mapema. Hapo muuzaji alisema kweli.

Lakini kuna kweli nyingine ambayo hakuisema. Malindi iko kusini kidogo tu ya ikweta, kama nyuzi tatu. Katikati ya Machi, na tena mwanzoni mwa Oktoba, jua la adhuhuri husimama wima juu ya vichwa vyetu hata mtu hukikanyaga kivuli chake mwenyewe. Hata miezi mingine haliendi mbali na utosi. Saa zile kali zaidi za mchana, linalochomwa ni paa. Kuta hupata jua la pembeni asubuhi na jioni, na unaweza kuzikinga kwa baraza pana au mti wa mwarobaini. Paa halina wa kulikinga.

Basi fikiria mtu anayetumia akiba yake yote kununua kuta za povu, kisha pesa zinamwishia anaezeka mabati matupu bila dari. Saa saba mchana mabati hayo huwa kama kikaango, na joto hushuka moja kwa moja kwa watoto walio chini. Kuta zake za kisasa zitamsaidia nini? Amefunga mlango huku dirisha liko wazi.

Fundi mmoja wa Malindi, mtu wa makamo ambaye amejenga kwa mawe na kwa paneli pia, aliniambia hivi: "Ndugu mwandishi, mwenye pesa ya kununua povu sehemu moja tu, aliweke juu. Ukuta utausitiri kwa baraza, lakini paa utalisitiri kwa nini?"

Kuweka povu juu kuna njia kadhaa. Zipo paneli za kumimina zege juu yake ili kupata paa la bapa au sakafu ya ghorofa. Hizi huwa na mifereji ya kulaza vyuma, na ni lazima mhandisi ahesabu vyuma hivyo, si fundi kukisia. Yapo pia mabati mawili yaliyobandikwa povu katikati, ambayo huezekwa kama mabati ya kawaida. Kwa mwenye uwezo mdogo zaidi kuna kuweka dari na kutandaza vipande vya povu juu yake, ukiacha matundu ya hewa chini ya paa ili upepo upite. Nayo makuti, tusiyadharau. Hakuna paa linalopumua kama hilo, ila huhitaji kubadilishwa kila baada ya miaka michache, na Malindi na Watamu zimeshuhudia zaidi ya mara moja moto wa makuti ukila hoteli na nyumba.

Jambo jingine ni upepo. Nyumba ya povu isiyo na madirisha yanayotazamana huhifadhi joto la watu na la jikoni kama vile sanduku la samaki linavyohifadhi baridi. Kaskazi na kusi ni zawadi tulizopewa bure. Mchoraji wa nyumba yako ahakikishe pepo hizo zinaingia upande mmoja na kutokea wa pili.

Chumvi haina huruma

Hapa ndipo ninapokuomba, msomaji, usome polepole.

Katika kuzunguka kwangu nilionyeshwa nyumba moja karibu na ufuo, ya familia iliyokuwa imehamia miaka mitatu tu kabla. Kwa mbali ilipendeza. Nilipoukaribia ukuta wa upande wa bahari niliona mistari ya rangi ya kahawia ikipanda na kukatana, mraba baada ya mraba, kama daftari la hesabu. Ilikuwa kutu. Wavu wa chuma ulikuwa ukijichora juu ya lipu kutoka ndani. Mahali pengine lipu ilikuwa imeanza kuvimba, na mama mwenye nyumba alinibandulia kipande chake kwa ukucha.

Nilimwuliza mchanga ulitoka wapi. Akanyoosha kidole chake nyuma ya nyumba, ufuoni.

Mchanga wa bahari una chumvi. Maji ya visima vingi vya karibu na bahari nayo yana chumvi. Chumvi hiyo ikichanganywa na saruji hukaa kimya, kisha unyevu ukifika huanza kukila chuma. Katika nguzo ya zege kuna vyuma vinene ambavyo huchukua muda kuliwa. Wavu wa paneli ni wa nyaya za unene wa milimita mbili na nusu au tatu. Ukiliwa kidogo tu, hakuna kilichobaki. Na tulikwisha sema kwamba wavu na lipu ndivyo vinavyobeba nyumba.

Ndiyo maana mtu wa Kilifi hawezi kuinunua paneli kwa macho ya mtu wa Nairobi. Kuna mambo matatu ambayo kule bara huenda yakasamehewa na huku hayasameheki. Kwanza, nyaya ziwe zimepakwa zinki vizuri, na muuzaji atoe hati inayoonyesha hivyo. Pili, mchanga uwe wa mto au wa machimbo ya bara, ulio safi, na maji yawe matamu. Ulimi wako ni kipimo cha kwanza, na maabara ni cha pili. Jihadhari hata na mchanga wa mdomoni mwa mto, kwa sababu bahari inapojaa huingia hadi huko. Tatu, lipu ifunike wavu kikamilifu, pasiwe na mahali waya umechungulia. Lipu ikishapigwa inyweshwe maji kwa siku kadhaa, asubuhi na jioni, isije ikakaushwa na upepo ikapasuka. Kila ufa mdogo ni mlango wa chumvi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika nyumba ya paneli msemo huo hauna fumbo lolote.

Mchwa je? Hawali povu, kwa sababu halina chakula. Lakini wanaweza kulitoboa njia wakielekea kwenye mbao za paa au fremu za milango. Kwa hiyo dawa ya mchwa chini ya msingi ni ya lazima hata kama muuzaji atasema paneli zake haziliwi.

Na moto? Polistireni huanza kulainika joto likifika kama la maji yanayochemka, na likiungua hutoa moshi mzito mweusi. Lipu ndiyo ngao yake. Uliza kama povu limetiwa dawa ya kupunguza kuwaka, udai hati, na usikubali nyaya za umeme zipite ndani ya povu bila mabomba yake. Kazi ya umeme na mabomba ya maji hufanywa kabla ya lipu. Mwambie fundi mapema pia mahali utakapotundika makabati ya jikoni, maana kitu kizito hakitundikwi popote kwenye ukuta huu bila kuandaliwa mshikizo wake.

Lori linalojaa upepo

Sasa tuje kwenye pesa. Muuzaji hukutajia bei ya paneli kwa kila mita ya mraba, nayo huonekana ndogo ukiilinganisha na ukuta wa mawe. Lakini unalinganisha nini na nini? Ukuta wa mawe anaokutajia ni ule uliokwisha kujengwa. Paneli anayokutajia ni povu na waya tu, likiwa bado kiwandani.

Chukua kalamu. Tuseme nyumba yako ina kuta za mita 100 za mraba. Lipu ya sentimita tatu kila upande ni sentimita sita kwa jumla, yaani mita sita za ujazo za mchanga na saruji. Kwa mchanganyiko wa sehemu moja ya saruji kwa nne za mchanga, kila mita ya ujazo hula kama mifuko saba au minane ya kilo 50. Hiyo ni mifuko 40 na ushei hadi karibu 50, bila kuhesabu inayomwagika chini. Ongeza wavu wa pembeni, wa kona na wa kuzunguka madirisha, kukodisha mashine ya kurushia lipu, na malipo ya mafundi. Ongeza msingi na paa, ambavyo wauzaji wengi hawaviweki kwenye bei yao hata kidogo.

Halafu kuna usafiri. Kutoka Mavoko mpaka Malindi ni zaidi ya kilomita 500. Paneli ni nyepesi, mtu mmoja au wawili huiinua, lakini zinakula nafasi. Lori hujaa kabla halijabeba uzito wa maana, na wewe unalipia lori zima. Dereva mmoja wa njia hiyo alinichekesha aliposema kwamba akibeba paneli huwa amebeba upepo wa Nairobi kuuleta pwani, ambako upepo haununuliwi.

Linganisha na jiwe. Mawe yetu ya tumbawe yanakatwa hapa hapa, kwenye machimbo yaliyo kati ya Mtwapa na Kilifi, na kila kijiji kina fundi anayeyajua tangu utotoni. Nenda Gede ukaone. Mji ule wa mawe na chokaa ulihamwa kufikia karne ya 17, na kuta zake nyingi bado zimesimama msituni. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza katika orodha ya turathi za dunia. Waliojenga pale hawakuwa na hati ya zinki wala mashine ya lipu, bali walivijua vitu vya mahali pao.

Sisemi haya ili kuitukana paneli. Yako mahali ambapo inashinda kabisa. Ukijenga ghorofa, wepesi wake hupunguza mzigo kwenye nguzo na msingi. Ukiwa na haraka ya kweli, kuta husimama kwa siku chache. Kiwanja kikiwa mahali ambapo lori la mawe halifiki, wanaume wanne wataibeba mabegani. Mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini kwa nyumba ya chini ya vyumba vitatu Tezo, iliyo karibu na machimbo, hesabu ya kuta inaweza kukaribiana sana au hata kugeuka. Ifanye mwenyewe kabla hujafanyiwa.

Kumjua muuzaji

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Muuzaji wa paneli usimpime kwa ofisi yake wala kwa karatasi yake. Mpime kwa anachoweza kukuonyesha na anachokubali kuandika.

Swali la kwanza na kubwa kuliko yote ni hili: "Nionyeshe nyumba uliyoijenga karibu na bahari, ambayo imekaa miaka mitano au zaidi." Usikubali nyumba ya mfano ya Nairobi, wala ile iliyomalizika juzi na rangi bado inanukia. Nenda ukaitazame ukuta wa upande wa bahari. Tafuta ile mistari ya daftari. Gonga, usikilize kama lipu ina sauti ya utupu. Kisha mwombe mwenye nyumba mzungumze muuzaji akiwa hayupo.

La pili, mwulize nani atapiga lipu. Wengine huuza paneli na kuondoka, wakikuachia fundi ambaye hajawahi kuigusa. Muuzaji mwenye nia njema atamtuma msimamizi wake akae kiwanjani angalau mpaka kuta za kwanza zikamilike, na ataliandika hilo kwenye mkataba.

La tatu ni karatasi. Dai hati za ubora kutoka kwa Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, na uzito wa povu kwa kila mita ya ujazo uandikwe, kwa sababu povu hafifu huonekana sawa na povu zuri kwa macho. Michoro ipitishwe na kaunti ikiwa na sahihi ya mhandisi, na mwanakandarasi awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Usione ni usumbufu. Nyumba ikipata kasoro, karatasi hizo ndizo zitakazokusemea.

La nne ni malipo. Lipa kwa hatua, kila hatua na kazi yake: kiasi cha kuagiza, kiasi paneli zikifika na kuhesabiwa, kiasi kuta zikisimama, na sehemu ubaki nayo mpaka mvua ya masika ipite juu ya nyumba. Anayetaka karibu zote kabla hujaona kitu anakuomba umkopeshe. Na wewe si benki.

La tano, ambalo wengi husahau, ni la kesho. Mwanao akioa na kutaka kuongeza chumba baada ya miaka kumi, paneli zinazolingana na zako zitapatikana wapi, na fundi atakuwa nani?

Paneli zikifika, ziweke kivulini na uzifunge vizuri. Jua kali hulifanya povu kuwa la manjano na kuchujuka juu, na kusi likivuma linaweza kukurushia paneli hadi kwa jirani. Petroli na dawa ya kuyeyushia rangi zisiwekwe karibu, maana huliyeyusha povu kama sukari kwenye chai.

Alivyoamua shangazi

Nilirudi Tezo na daftari langu. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia nimpigie simu yule muuzaji wa siku 30. Alizungumza naye mwenyewe, kwa upole ule ule aliokuwa akiwasemeza wagonjwa.

"Baba," alimwambia, "nataka kuona nyumba yako moja iliyo karibu na bahari, ya miaka mitano."

Muuzaji akasema nyumba zake zote za pwani ni mpya.

"Basi nipigie simu zikizeeka," akajibu, akakata.

Baadaye tulipata muuzaji wa pili. Huyu hakuwa na karatasi ya kung'aa. Alitupeleka hadi kwenye nyumba ya miaka saba, akakaa nje ndani ya gari wakati sisi tukizungumza na wenyewe. Kuta zilikuwa safi. Walimlalamikia kwa jambo moja tu, kwamba alichelewa majuma mawili, na alipoulizwa alikubali.

Shangazi hakununua kuta kwake. Alifanya hesabu mezani na fundi, na kwa kiwanja chake mawe ya machimbo yalikuwa na nafuu kidogo, tena na mafundi ambao angeweza kuwasimamia kwa kuwa baadhi yao aliwazalisha mama zao. Alichonunua ni paneli za paa. Mhandisi alihesabu vyuma, zege likamiminwa kwa mchanga wa bara, na juu yake ikawekwa kinga ya maji. Akabakiza pesa za baraza pana upande wa magharibi, akapanda na mwarobaini mbele yake.

Yawezekana wewe hesabu yako ikatoka tofauti. Aliye na kiwanja kidogo na ndoto ya ghorofa huenda akafaidika na kuta pia, na aliye mbali na machimbo vilevile. Muhimu ni kwamba uwe umeihesabu mwenyewe, kwa jua lako, kwa chumvi yako na kwa barabara yako.

Mwezi wa Machi mwaka huu, jua likiwa utosini, nilimtembelea saa saba mchana. Nilimkuta amelala sebuleni, madirisha wazi, upepo ukipeperusha pazia. Wajukuu walikuwa sakafuni wakifanya kazi ya shule. Niligonga ukuta kwa mazoea.

"Acha kugonga," akasema bila kufumbua macho. "Angalia juu."